Waamkaje? Kwa Mnaoanza Kazi na Wanawake Wanaolala Nje Mombasa

Neno la kwanza utakalosikia kwa mwanamke anayelala nje ni "salama". Utamwamkia, "Waamkaje?", naye atakujibu, "Salama," kabla hujafunga mdomo, kama tunavyojibu sote hapa Mombasa hata kama usiku kucha tulikuwa tukimkesha mgonjwa. Mwaka wangu wa kwanza nililiandika neno hilo kwenye daftari nikapita. Ilinichukua muda kujua kwamba nilichokuwa nikiandika kilikuwa adabu yake, wala si hali yake.

Nyinyi mnaoanza, wa kujitolea na wa kuajiriwa, mnaotoka chuoni na diploma ya ushauri nasaha au ya ustawi wa jamii, nawaandikia yale ambayo natamani mtu angenikalisha akaniambia miaka 13 iliyopita. Yote yanatokana na swali moja: amelalaje? Mkipata jibu la kweli la swali hilo, mengi mtakayoambiwa kuwa ni wazimu, au uvivu, au ukorofi, mtaona yana sababu yake.

Hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 Kenya nzima, na 7,529 kati yao walikuwa Mombasa. Wengi ni wanaume na vijana wa kiume. Mkipita mchana Mwembe Tayari au Kongowea mtadhani wanawake ni wachache mno. Wapo zaidi ya mnavyodhani, ila hawataki kuonekana, na ustadi wa kutoonekana wamejifunza kwa kupigwa. Tena karibu kila niliyekaa naye alikuwa amepigwa kabla hajafika mtaani. Yuko aliyemkimbia mume, yuko aliyefukuzwa na baba wa kambo kwa mimba ambayo baba mwenyewe aliijua ilikotoka, yuko mjane aliyenyang'anywa shamba na mashemeji, yuko msichana aliyetolewa bara kuja kufanya kazi ya ndani akatoka katika nyumba hiyo usiku bila viatu. Kwa hivyo dhuluma ya mtaani humkuta na kidonda kibichi. Ukimuuliza lini alianza kuogopa, atakutajia umri wa utotoni.

Usiku wa nje una bei, na mwanamke hudaiwa bei hiyo kila jioni. Mlinzi atamruhusu alale varandani mwa duka, kisha saa saba usiku atamfuata kudai kodi yake. Akihama akaenda maskani, wanakokaa vijana wa mtaani, itambidi awe wa mtu mmoja ili asiwe wa wote, na huyo mmoja atamkinga na wengine huku yeye mwenyewe akimpiga. Mtamsikia akisema "mume wangu" na jicho limevimba, mtataka kumwambia amwache. Msimwambie. Muulizeni kwanza, usiku wa kwanza bila huyo mume, atalala wapi na nani atamtetea. Kama nyinyi hamna jibu, yeye anakaa na lile alilonalo.

Halafu kuna misako ya alfajiri. Maboksi, nguo na magodoro hutupwa kwenye pikapu, na ndani ya lile bunda ndimo mlimokuwa na kitambulisho, kadi ya kliniki, dawa za kifafa, picha ya mtoto. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni yake Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji zinakiuka haki za watu maskini. Likumbukeni hilo mkizungumza na wakubwa. Lakini mama aliyepoteza dawa zake leo asubuhi anahitaji dawa leo asubuhi, na kadi mpya.

Mwili unaokesha hivyo haupumziki mchana. Hushtuka mlango wa matatu ukibamizwa. Hukaa mgongo ukutani. Hula upesi kama anayenyang'anywa. Huwaka hasira kwa jambo dogo, na pengine utamwita akawa anakutazama tu, hasikii, kana kwamba ametoka akauacha mwili pale. Vitabu vya afya ya akili vimekuwa na jina la hali hii, PTSD, tangu mwaka 1980, na huieleza kama yale yanayobaki baada ya tukio la kutisha. Kwa wanawake hawa, hiyo "baada" haijafika. Lililompata jana linaweza kumrudia leo usiku, mahali pale pale, kwa mikono ile ile. Hofu yake inahesabu sawasawa. Ndiyo maana mazoezi ya kupumua tuliyofundishwa chuoni, ya kumwambia mtu kwamba sasa yuko mahali pa amani, huyafanyi na mtu aliyekaa hatua 20 kutoka alipobakwa. Atakuona humwelewi, na atakuwa amekuona vizuri.

Mmoja alinieleza ratiba yake bila kuficha. Usiku anatafuna muguka asipitiwe na usingizi. Asubuhi, jua likishatoka na watu wamejaa, anavuta kete moja ya unga alale. Alipopelekwa kliniki aliandikwa teja, na maandishi yakaishia hapo. Mwingine alipewa vidonge vya usingizi kwa sababu alisema halali. Akavitupa siku hiyo hiyo, na muuguzi akamkasirikia kwamba hataki kupona. Dawa ya usingizi inataka mahali pa kulala. Mwanamke anayelala fofofo varandani hatasikia hatua zinazomjia, na yeye analijua hilo kuliko muuguzi, kuliko mimi na nyinyi. Tembe za aina hiyo, bugizi, ndizo wahalifu hutilia watu kwenye vinywaji wawaibie; mkimpa kitu chochote cha kumeza, mwonyesheni pakiti, msomeeni jina, mmwache afungue mwenyewe.

Hapa niwaeleze kosa langu, kwa sababu sitaki mtu mwingine alilipie mara ya pili.

Palikuwa na mwanamke wa miaka kama 25. Alinuka hata watu walikuwa wakivuka barabara kumkwepa. Nywele zilishikamana, alizungumza peke yake kwa sauti, watoto walimrushia maganda. Nilimchukulia kwamba amejiachilia, na nikajipa kazi ya kumrudisha. Wiki tatu nilimbembeleza. Siku aliyokubali, mimi na mwenzangu tulimpeleka akaoga kwa maji moto, tukamsuka, tukampaka mafuta, tukamvika dera jipya la maua. Alikuwa mzuri, wallahi, na kimya chake tulikiona ni utulivu. Kitanda katika nyumba ya hifadhi tulikuwa tumeahidiwa cha wiki iliyofuata. Jioni tukamrudisha alipokuwa akilala, tukaagana.

Usiku ule walimchukua wanaume wawili.

Nilipomkuta baadaye hakuwa na hasira nami, na hilo ndilo lililonivunja. Alinieleza kama anayemfundisha mtoto. "Dada, ule uchafu ndio uliokuwa mlango wangu."

Tangu siku hiyo simwondolei mtu kinga yake kabla ya nyingine kuwa mkononi mwake. Na kinga nimeziona za kila namna. Wako wanaovaa suruali tatu chini ya dera ili mtu achelewe. Wako wanaonyoa kipara na kuvaa koti la kiume. Wako wanaocheka peke yao na kutukana hewa mtu asiyemjua akikaribia, akishapita wananyamaza na kuendelea kushona. Wako waliopata mbwa. Msiyaite haya dalili mpaka mjue yanafanya kazi gani saa nane za usiku.

Jinsi ya kumfikia. Nendeni mchana, kwa miguu, wawili, na mmoja wenu awe mwanamke. Msimulike mtu na tochi. Anayemulika usiku huwa amekuja kufukuza au kuchukua. Ukimkuta amelala, usimguse bega. Simama mbali upande wa miguuni, taja jina lako, kisha lake, na ungoje. Kaa chini alipokaa yeye, na usikae kati yake na njia ya kutokea. Mwamkie kwa heshima ya umri wake kama ungemwamkia mtu wa mtaani kwenu: aliye sawa na mama yako ni mama, mpe shikamoo yake au "chechee" kama mmezoea hivyo, wala usimwite "wewe" au kwa jina la utani alilobandikwa na maskani. Kuna bi mkubwa mmoja aliyelia kwa shikamoo tu. Aliniambia hajaisikia tangu atoke kwake.

Usiahidi kitu usichokishika. "Nitarudi Jumatano" ni deni. Ukikosa Jumatano hiyo umejiunga na waliomdanganya.

Kuhusu masimulizi. Atakupa hadithi vipande vipande. Leo watu walikuwa wawili, kesho watatu. Alisema Ijumaa, sasa ni Jumamosi. Kituoni hili humponza, kwa maana afisa hudhani anatunga. Kumbukumbu ya mtu aliyekuwa akihofia roho yake haijipangi kama ya aliyekwenda sokoni. Hushika harufu ya kiatu, rangi ya kibiriti, na kuachilia saa. Msimlazimishe kuanza mwanzo hadi mwisho. Ulizeni kwa alama za mji wetu: ilikuwa kabla ya adhana ya alfajiri au baada? Feri zilikuwa zimeanza kujaa? Muuza kahawa alikuwa amefunga? Mara nyingi hapo ndipo saa inapopatikana, bila ya kumhoji kama mtuhumiwa. Na asipotaka kueleza, asieleze. Si lazima nyinyi mjue ndipo atibiwe.

Akiwaambia amebakwa, hesabuni saa. Dawa za kuzuia HIV huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Humezwa siku 28. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba ni ndani ya saa 120. Tiba haingojei ripoti ya polisi, mtu yeyote asiwazungushe kwa hilo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 imempa aliyedhulumiwa haki ya matibabu na ushauri nasaha katika hospitali ya umma kwa gharama ya serikali, na Coast General ina kituo cha kazi hiyo. Hospitali hujaza fomu ya PRC, ya huduma baada ya kubakwa; fomu ya P3, ya ushahidi wa majeraha, hutoka polisi na hailipiwi. Namba 1195, ya msaada kwa waliodhulumiwa kijinsia, hupigwa bure. Nguo alizovaa zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa khaki wala si wa plastiki, maana ndani ya plastiki huota ukungu na ushahidi kuharibika. Lakini fikirini: hiyo nguo huenda ndiyo pekee aliyonayo. Kwenye mkoba wangu hakukosekani dera moja, leso jozi, chupi mpya na sabuni. Sijawahi kwenda mjini bila hivyo tangu mwaka wa pili wa kazi.

Na hizo dawa za siku 28 atazihifadhi wapi, mtu ambaye bunda lake linaweza kuchukuliwa alfajiri yoyote? Dawa zenyewe humtia kichefuchefu na kwa njaa hazimezeki. Mbinu iliyofaulu kwangu ni mama muuza mahamri. Tafuta mmoja ambaye mgonjwa mwenyewe anamwamini, zungumza naye kwa idhini ya mgonjwa, bila ya kumweleza ni dawa za nini. Vidonge vikae kwake kwenye kopo. Kila asubuhi chai, mahamri mawili, kidonge. Wanne niliowahi kuwapangia hivyo, watatu walimaliza.

Sasa suala la majini, ambalo hamtalikwepa pwani hii. Mtaambiwa fulani ana jini, amepandwa, hafai kuzungumzishwa. Msibishane na mama aliyeamini hivyo, wala na ndugu zake wakipatikana, na msimcheke mganga aliyemtazama. Ulizeni tu: huyo jini humjia saa ngapi, akiwa wapi, baada ya nini? Nilimuuliza mmoja, akatafakari, akasema humjia anaposikia funguo zikilia mfukoni mwa mwanamume. Mwajiri wake wa zamani alitembea na funguo. Mazungumzo yetu ya kweli yalianza siku hiyo, na jini hatukumtaja tena, si kwa kumkataa, bali tulikuwa na mengine ya kuzungumza.

Hata hivyo msifike mahali pa kudhani kila kitu ni woga. Wapo wenye maradhi ya akili yanayotaka dawa na daktari wake, wasikiao sauti mchana na usiku, mahali penye watu na pasipo watu. Hao, hospitali ya Port Reitz kuna kitengo chao. Na jambo ambalo hatukufundishwa kabisa: pigo la kichwa. Mwanamke aliyegongwa ukutani mara kwa mara, au kukabwa koo mpaka akazimia, anaweza kusahau majina, kupoteza mizani, kupata kifafa, kugeuka tabia. Kila mara muulize kama amewahi kupigwa kichwani au kunyongwa, na akapoteza fahamu. Kuna mmoja tulimshauri miezi minne kuhusu "hasira" zake, na kumbe alikuwa anapata kifafa tangu alipopigwa na chuma.

Kujiua: ulizeni kwa maneno yaliyo wazi. Atasema "nimechoka", au "Mungu angenichukua". Msilipitie kama msemo. Muulize, kwa sauti ya kawaida, kama amefikiria kujiua, na kama amefikiria kwa njia gani. Kumuuliza hakumtii wazo. Wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye mtu ameuliza. Wengine huogopa kukwambia wasije wakafungwa. Mwambieni kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba. Halafu msimwache peke yake siku hiyo. Mipango mingine yote ya siku hiyo inangoja.

Mtaniuliza, basi kuna kinachosaidia? Kipo. Katika vitongoji vya Nairobi ulifanywa utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wa wanawake 421 ambao wengi wao walikuwa wamepitia dhuluma, ambapo wahudumu wa afya ya jamii wasio wataalamu walifundishwa kuongoza vikao 5 vya kutatua matatizo na kutuliza msongo. Waliopitia vikao hivyo walipungukiwa na dhiki ya moyo kuliko wenzao. Huo ni ushahidi kwamba watu kama nyinyi mnaweza kazi hii bila ya kuwa madaktari. Ila wanawake wale walikuwa na nyumba za kurudi jioni. Wetu hawana, kwa hivyo mimi huanza kikao cha kwanza na usiku: nani alale karibu na nani, nani akeshe kwanza, filimbi ikae kwa nani, mlinzi gani hana tabia hiyo, mlango gani wa msikiti au kanisa unaachwa wazi kukinyesha. Wanawake watatu wanaolala pamoja kwa zamu hupata saa za usingizi ambazo mmoja hazipati, na baada ya wiki mbili za usingizi huo nimeona mikono ikiacha kutetemeka, na mtu akianza kukumbuka jina la kijiji chao.

Nendeni mkawaone mwezi wa Ramadhani. Mji hukesha. Taa zinawaka, wauza viazi vya karai na kaimati wako barabarani, watu wanatoka tarawehe, watoto wanacheza mpaka daku. Wanawake wangu hulala vizuri mwezi huo kuliko miezi yote, Waislamu na Wakristo, kwa sababu macho ya watu yako njiani. Baada ya Idi, giza linarudi, na wiki hiyo huwa napokea wagonjwa wengi. Wanaopanga bajeti za afya ya akili wangekuja kuitazama tofauti hiyo wangenunua taa.

Nanyi mtayabeba mnayoyasikia. Mimi yalinijia kwa kukagua kitasa cha chumba cha binti yangu mara nne kwa usiku. Tafuteni mtu mzima wa kazi hii wa kumweleza kila wiki, kabla hamjaanza kuchukia kwenda.

Bi mkubwa wa shikamoo, niliyewatajia, nilimwamkia miezi saba. Miezi saba alinijibu "salama". Asubuhi moja ya masika, baraza bado bichi, nikamuuliza kama kawaida, "Waamkaje, mama?" Akanitazama kwa muda.

"Sikulala," akasema. "Tangu juzi sijalala."

Nikakaa. Akaniuliza kama nina haraka. Nikamwambia sina. Akanikabidhi mfuko wake, mfuko ambao hakuwahi kumruhusu mtu kuugusa, akajilaza kwenye baraza na kujifunika leso mpaka kichwani. Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Nilikaa pale na mfuko mapajani, watu wakipita, mpaka adhana ya adhuhuri ilipomwamsha, na kwenye daftari nikaandika muda aliolala.